Mitetea Wanaowika

Jirani yetu wa Gikondo, mama anayeuza chapati na mayai ya kuchemsha kwenye kona wanapoegesha waendesha pikipiki, alinisimamisha asubuhi moja ya mwezi wa sita. Nilikuwa nimerudi tu kutoka chuoni Rukara, begi bado liko mgongoni. Mama huyu alikulia Bukavu, na tangu asikie kwamba ninasomea Kiswahili huzungumza nami Kiswahili kila tunapokutana. Akaniambia, bila hasira yoyote: "Mwanangu, mitetea wako wanawika."

Nilicheka, naye akacheka, nikaendelea kupandisha kilima. Nilipofika kwenye geti letu sikuwa nikicheka tena. Mwezi wa pili nilikuwa nimemwuzia vifaranga watano wa wiki nane, kila mmoja kwa faranga 3,000 (Kiswahili kina mzaha wake hapa: faranga ni pesa yetu, na faranga ni mtoto wa kuku). Nilimwambia kwa sauti ya mtu anayejua kwamba wote watano ni majike. Hata neno "mitetea" lilikuwa langu; nilimpa pamoja na vifaranga, kwa sababu nilitaka aone kwamba masomo yangu yana faida. Sasa watatu kati ya watano wamekuwa majogoo. Swali ninalotaka kulijadili mbele ya wanafunzi wenzangu na walimu wangu ni hili: je, nilimdanganya?

Najua swali lenyewe ni dogo. Katika vipindi vya maadili tumejadili vita na adhabu ya kifo, na mimi nimechangia kama wengine. Lakini sijawahi kuongoza nchi wala kumhukumu mtu. Kuku nimeuza.

Nyumba yetu iko kwenye mteremko unaotazama bonde ambalo kwa miaka mingi lilikuwa la viwanda, kabla havijaanza kuhamishwa ili ardhi oevu ipate kupumua. Nyuma ya jiko, kati ya ukuta wa jirani na tangi la maji, baba alijenga banda la mbao na mabati ya zamani. Ni kuku wa kienyeji, wachache, wa mboga na wa dharura. Desemba koo wetu mmoja aliatamia mayai 12, wakatoka vifaranga tisa. Mwewe akachukua wawili. Wakabaki saba, na hao saba ndio walioniletea insha hii.

Bibi yangu, anayeishi nasi, alikulia Karagwe, upande wa Tanzania, katika miaka ya ukimbizi, na Kiswahili chake cha kuku ni kikubwa kuliko changu cha darasani. Kwake mambo huanza na kifaranga. Kifaranga akikua na kuanza kuonyesha udume lakini bado hajawika, anaitwa pora. Mwenzake wa kike anayekaribia kutaga ni mtetea. Baadaye ndipo wanapokuja jogoo na koo. Kinyarwanda nacho kina *umushwi* kwa kifaranga yeyote, kisha *isake* na *inkokokazi* kwa wale waliokwisha kujulikana. Ninachokipenda katika maneno haya ni subira yao. Kifaranga hana jina la kiume wala la kike, lugha inamngoja. Kwa hiyo sikusukumwa na lugha kusema kabla ya wakati. Nilisukumwa na bei, kwa sababu kifaranga asiyejulikana mtaani kwetu asingeuzwa zaidi ya faranga 2,000, na mtetea alikuwa 3,000.

Je, katika wiki ya nane mtu anaweza kujua? Kwa sehemu. Siku ya kwanza, ukimtazama kifaranga wa kienyeji kwa nje, hakuna kitu cha kukuongoza. Kuanzia wiki ya sita hivi, upanga wa pora huanza kuwa mkubwa na mwekundu, na undu chini ya mdomo hujitokeza, wakati wa mwenzake bado ni kama uzi mdogo wa rangi ya njano. Miguu ya pora huwa minene, naye husimama wima zaidi. Baada ya miezi mitatu hivi shingo husema wazi: manyoya ya dume huota marefu na yenye ncha, ya jike hubaki ya duara. Lakini hii ni kanuni ya wastani, na kuku wetu si wa wastani. Wamechanganyika vizazi na vizazi. Katika banda moja unapata wenye upanga wa msumeno na wenye upanga mdogo uliolala kama tone la nta. Pora mwenye upanga wa kulala anaweza kukaa miezi akionekana binti mtulivu. Watatu wangu walikuwa hivyo hasa.

Bibi ana njia zake. Yai lililochongoka, anasema, hutoa jogoo. La mviringo hutoa jike. Mjombake mama naye hushika kifaranga ngozi ya shingo na kumning'iniza: akikunja miguu ni jike, akiiachia ni dume. Nilipokuwa kidato cha pili niliamini yote mawili. Baadaye nilisoma kwamba Aristotle aliandika kuwa yai refu lililochongoka hutoa jike na la mviringo hutoa dume, na kwamba Pliny wa Roma, karne kadhaa baadaye, alisema kuwa la mviringo ndilo la jike. Kwa hiyo bibi yangu, bila kumsoma, yuko upande wa Pliny. Wote watatu wamekosea, kwa sababu umbo la yai halihusiani kabisa na jinsia ya atakayetoka. Hata hivyo kila mmoja wao amepatia mara nyingi sana. Anayebahatisha kati ya mambo mawili hupatia nusu ya safari, na nusu hiyo inatosha kumlinda mtaalamu wa uongo maisha yake yote, hasa kama watu hukumbuka zaidi alipopatia.

Kinachoamua ni kitu tusichokiona. Kwa kuku, dume ana kromosomu mbili zinazofanana, ZZ, na jike ana Z na W. Hivyo yai la koo ndilo linaloamua kama mtoto atakuwa pora au mtetea, jogoo hana la kuchangia hapo. Kwa binadamu ni kinyume, mbegu ya baba ndiyo inayoamua. Nataja hili kwa sababu nimewasikia wanaume, na si wazee peke yao, wakiwalaumu wake zao kwa kuzaa mabinti watupu. Lawama hiyo ingekuwa na mantiki kama wangeoa kuku.

Nirudi kwenye swali. Uongo, kwa maana niliyofundishwa nyumbani, ni kusema jambo unalojua kuwa si kweli. Mimi sikujua kwamba wale watatu ni mapora. Kwa hiyo, kwa maana hiyo, sikusema uongo, na ningeweza kuishia hapa. Tena ningeweza kujitetea kwa mfano unaopendwa na wanafalsafa wa maarifa, ambao kwa bahati unahusu vifaranga.

Katika miaka ya 1920 wanasayansi wa Kijapani, Masui na Hashimoto wakiwa maarufu zaidi kati yao, walionyesha kwamba kifaranga wa siku moja anaweza kutambuliwa jinsia kwa kumfunua sehemu ya haja na kutazama uvimbe mdogo kuliko punje ya mtama. Kutokana na ugunduzi huo ilizaliwa kazi, na Wajapani waliofundishwa kazi hiyo walisambaa kwenye viwanda vya kutotolesha vya nchi nyingi. Mjuzi wa kazi hii hupitisha vifaranga mia nane au elfu moja kwa saa, na makosa yake ni machache sana. Wanafalsafa kama Robert Brandom wa Marekani wamemtumia mjuzi huyo kuuliza: tuseme mtu anagawa vifaranga sawasawa karibu kila mara, lakini ukimwuliza umejuaje hawezi kueleza, je, anajua? Wapo wanaojibu kwamba anajua, kwa sababu njia yake inaaminika, hata kama yeye mwenyewe hana maelezo. (Wajuzi wenyewe, kwa haki, wanajua wanachokitazama, wanafalsafa wameunogesha mfano kidogo.)

Nilijaribu kujificha nyuma ya mjuzi huyo kwa siku mbili. Nilijiambia: nami nina jicho, nimekua na kuku, nilihisi ni majike, nikasema. Lakini kuna jambo sijalitaja bado, nami ningependa kuendelea kutolitaja.

Vifaranga walikuwa saba. Watano nilimwuzia mama. Wawili nilibakiza nyumbani, na hao wawili ndio niliokuwa na uhakika nao. Upanga wao ulikuwa bado haujaonekana kabisa, mkia umejipanga vizuri, miguu myembamba. Hata mdogo wangu wa darasa la nne aliwaona kuwa ni majike. Asubuhi ile, kabla mama hajafika, niliwatenga chini ya tenga na kuwafunika kwa gunia. Hakuna aliyeniagiza. Sikujiambia kwamba ninaficha walio bora. Mikono ilifanya tu, kisha nikamfungulia mama geti na kumwambia kwamba hawa watano ni mitetea watupu.

Basi mimi ni kinyume cha yule mjuzi wa Kijapani. Yeye mikono yake inajua na mdomo hauwezi kueleza. Mimi mdomo wangu ulieleza vizuri sana, na mikono yangu ilikuwa imekwisha kutoa ushahidi kwamba sijui. Asiyetofautisha kati ya uhakika na dhana hawezi kutenga wawili kati ya saba. Nilizijua ngazi zote mbili za kujua. Nikachukua ya juu nikaibakiza nyumbani, nikamwuzia jirani ya chini kwa bei ya juu.

Mwaka 1877 Mwingereza W. K. Clifford aliandika juu ya mwenye meli anayeituma baharini meli chakavu iliyojaa abiria. Ana mashaka, lakini anayabembeleza mashaka yake mpaka yanalala, na meli inapoondoka anaamini kwa moyo mweupe kwamba ni salama. Meli inazama. Clifford anasema ana hatia, na kwamba unyoofu wa imani yake haumsaidii, kwa kuwa hakuwa na haki ya kuamini hivyo kwa ushahidi aliokuwa nao. Kisha anaongeza sehemu ambayo ndiyo inayoniuma mimi: tuseme meli ilifika salama. Hatia haipungui, ila haikugunduliwa tu. Nilipoisoma mara ya kwanza darasani niliona Clifford amezidisha. Abiria wamefika, wamekumbatiana na jamaa zao, tumlaumu mtu kwa lipi? Sasa nina vifaranga wawili waliofika salama, maana kati ya wale watano wawili ni mitetea kweli. Nilisema ni majike, nao ni majike. Je, kwao nilisema ukweli?

Bibi hakukubaliana na lolote kati ya haya. Nilimsomea rasimu ya kwanza jikoni akichambua mboga, akanisikiliza hadi mwisho, akasema: "Anayenunua kifaranga ananunua bahati. Yule si mtoto, amefuga kabla wewe hujazaliwa. Mbona hakuwafunua shingo mwenyewe?" Hoja hii ina uzito kuliko inavyosikika. Katika biashara ya namna hii kuna maelewano yasiyosemwa: muuzaji husifu, mnunuzi hupunguza sifa moyoni mwake, na bei hupatikana katikati. Kama kila mtu anajua kwamba "ni mtetea" maana yake ni "huenda ni mtetea", basi hakuna aliyedanganywa.

Lakini kama ilikuwa hivyo, ile faranga 1,000 ya ziada ilikuwa ya nini? Huwezi kumtoza mtu bei ya uhakika kisha, mambo yakiharibika, umwambie alijua anabahatisha. Mwenzangu wa Biryogo, ambaye tunakaa chumba kimoja chuoni, aliniambia kwamba katika sheria ya Kiislamu ya biashara jambo hili lina jina, gharari: kuuza kisichojulikana, kama samaki aliye majini bado, au ndege angani, au mimba iliyo tumboni mwa mnyama. Nilimwuliza kama kifaranga wa wiki nane ni sawa na mimba. Akacheka akasema mashekhe hawajaulizwa kuhusu Gikondo, ila kwa maoni yake kifaranga mwenyewe anauzika bila shaka, yupo na anaonekana. Kisichouzika ni kile unachodai kukiona ndani yake.

Tena mama hakuwa mnunuzi yeyote. Aliponunua alinihesabia miezi kwa vidole. Kila mwaka, mwishoni mwa mwezi wa saba mpaka mwezi wa nane, maonyesho ya biashara yanayoitwa Expo hufanyika hapa kwetu Gikondo, na mtaa hujaa watu wenye njaa. Vifaranga wa Desemba, akaniambia, wakijaliwa wataanza kutaga karibu na Expo. Sitanunua trei za mayai mwaka huu. Alikuwa amepanga. Na alinipangia mimi humo, kwa sababu mimi ni mtoto wa jirani na ninasoma chuo kikuu. Nafikiri angemwuliza mara tatu mwuzaji wa sokoni. Mimi hakuniuliza hata mara moja.

Mambo yakazidi kunichanganya Julai ilipofika. Mama aliuza majogoo wawili kwa watu waliokuwa na sherehe, kila mmoja kwa faranga 9,000. Jogoo wa kienyeji, mwekundu, mwenye sauti, ana wateja. Aliponiambia alikuwa amefurahi kweli. Bibi naye alifurahi, kwa sababu zake: "Umeona? Umempa majogoo kwa bei ya vifaranga, unalia nini?" Kama kosa hupimwa kwa hasara tu, basi kosa langu lilikuwa limefutwa na harusi ya watu nisiowajua. Lakini wakati wa Expo nilipita kwenye kona yake nikaona trei za kununua zimepangwa nyuma ya jiko lake la mkaa. Pesa ya jogoo ilikuja mara moja na ikaenda mara moja, kwenye kodi ya nyumba. Yai linakuja kila siku. Alichokitaka ni kile cha kila siku, nami nilijua, kwa kuwa aliniambia.

Alifikiria hata kuachana na vifaranga vyetu na kununua wa kiwandani, wale wa mayai wanaokuja kwenye maboksi wakiwa wamekwisha kubaguliwa, majike watupu. Hapo nilinyamaza, kwa sababu nilikuwa nimesoma kidogo juu ya ndugu zao. Jogoo wa aina ya kuku wa mayai hatagi, wala hanenepi haraka kama kuku wa nyama, kwa hiyo kiwandani hana thamani ya chakula atakachokula. Uhakika unapatikana siku ya kwanza, na siku hiyohiyo madume huuawa. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni takriban bilioni 7 kila mwaka duniani kote. Ujerumani ilipiga marufuku tangu mwanzo wa 2022, Ufaransa ikafuata, na huko sasa kuna mashine zinazochunguza yai kabla halijaanguliwa, ili swali liulizwe mapema zaidi. Kuku aina ya Sasso au Kuroiler, wanaofugwa sana hapa Rwanda, wako nafuu kidogo, maana dume lao linakua vizuri na kulipa gharama yake.

Sikutarajia insha yangu kuhusu ukweli inifikishe hapa. Nilikuwa nimejilaumu kwa kutojua, kumbe kutojua kwetu ndiko kulikowapa wale mapora watatu miezi yao saba ya kuchakura kwenye udongo wa Gikondo. Kama siku ya kwanza tungekuwa na jicho la Kijapani, sijui kama mama yangu angekubali kuwalisha madume yote. Lakini hii haininusuru. Kutojua si kosa, na wakati mwingine kuna huruma ndani yake. Ningeweza kumwuzia mama kutojua kwangu waziwazi, kwa faranga 2,000, na mapora wangeishi vilevile. Nilichoongeza mimi ni lile neno tu.

Baada ya Expo kwisha nilichukua 5,000 nikaenda kwenye kona. Hesabu yangu ilikuwa hivi: nilimtoza 1,000 ya uhakika kwa kila kifaranga, na uhakika sikuwa nao kwa hata mmoja, hivyo ninadaiwa mara tano. Niliongozwa na Clifford. Mama alizipokea akazihesabu. Nakiri kwamba nilikwenda nikitumaini atazikataa, tuagane kwa baraka, na nilipoona anazifungua kikopo cha pesa moyo ulishtuka kidogo. Kisha akasimama.

"Majogoo ni watatu. Hii 2,000 ni ya nini?"

"Ni ya wale mitetea wawili, mama. Hata wao sikuwa ninawajua. Nilibahatisha."

Akanitazama kama mtu anayetazama mtoto mwenye homa. "Hao wawili si ni mitetea?"

"Ni mitetea."

"Basi ulisema kweli." Akanirudishia noti ya 2,000, akaweka 3,000 kwenye kikopo, akageuza chapati iliyokuwa inaanza kuungua.

Nilijaribu kubisha, lakini alikuwa na wateja. Mpaka leo sijui nani kati yetu ana haki. Kwake yeye neno hupimwa kwa kile kilichotokea: nilisema jike, akatoka jike, deni hakuna. Kwangu neno hupimwa kwa kile nilichokuwa nacho mkononi nilipolitamka. Nimejaribu kumshinda kwa hoja usiku, kitandani, na kila mara narudi kwenye uso wake pale kwenye moshi. Yeye ndiye aliyedhulumiwa, kama kuna aliyedhulumiwa. Je, mkosaji ana haki ya kumlazimisha mwenye deni apokee zaidi ya anachodai, ili dhamiri yake mkosaji itulie? Nadhani hapana. Lakini noti ile sikuitumia kwa wiki nzima.

Mwezi uliopita vifaranga wengine sita walifika wiki ya nane. Mama alikuja jioni baada ya kufunga biashara. Niliwatoa wote, bila tenga wala gunia. Nikamwonyesha wawili: hawa najua ni mitetea. Mmoja: huyu ni pora, tazama upanga. Watatu waliobaki: hawa sijui. Alichuchumaa akawachunguza mwenyewe wale watatu, akiwapuliza manyoya ya shingoni mmoja mmoja, kwa muda mrefu, mpaka giza likaanza kuingia. Bibi alikuwa mlangoni akisema wazi kwamba yule wa madoadoa alitoka kwenye yai la mviringo. Mama akanunua mitetea wawili kwa 3,000 kila mmoja, na yule wa madoadoa kwa 2,000.

"Huyu nimemchagua mimi," akasema akimfunga miguu. "Akiwika, usiniletee pesa."

Yule wa madoadoa sasa ana wiki kumi na mbili. Kila nikipita kwenye kona namwona chini ya meza ya mayai, na kila mara namtazama shingo.